Mkanda wa Njano wa Papa

Klabu yetu ya judo iko Nyakabiga, nyuma ya saluni, na tatami yake ni maganda ya mpunga. Sitanii. Wale wa kwenye televisheni wanaangukia magodoro ya rangi. Sisi tunaangukia maganda kutoka Buterere, yaliyomwagwa sakafuni, yakashindiliwa kwa miguu ya watoto wote wa mtaa, kisha yakafunikwa turubai lililokazwa kwa kamba. Ukianguka vizuri linatoa sauti nzito na harufu ya ghala. Ukianguka vibaya ujue umefika ile pembe ya dirishani ambako maganda yalishahama zamani. Pembe hiyo tunaiita mochwari.

Siku hizi nina mkanda wa kijani, na watoto wadogo wananisalimia kwa adabu ambayo siipati mahali pengine popote, hasa shuleni. Lakini harufu ya maganda ikinipanda puani, namwona Papa, baba yangu, ndani ya kimono cha judo.

Jaribu kumwona na wewe. Mtumishi wa serikali, mtu wa tai na kalamu mfukoni, tumbo linaingia mlangoni, yeye anafuata. Daktari alimwambia atafute mchezo. Wenzake ofisini walichagua kutembea. Papa alinisindikiza siku ya kuandikishwa, akaangalia mazoezi, akamuuliza Mwalimu, “Na sisi wazee munatupokea?” Aibu niliyoipata siku ile hata leo haijakauka. Tukaanza pamoja, mikanda myeupe wote wawili, yeye akipumua kama jiko la mkaa.

Mtihani wa mikanda sisi tunauita pasaji, na mtoto na mtu mzima hawapandi ngazi moja. Mtoto anakatiwa njia vipande vipande. Kutoka mweupe hapewi njano. Anapewa kwanza nusu, mkanda mweupe ulioshonewa njano kwenye ncha, kama ndizi ambayo bado inafikiria kuiva. Mwalimu anasema mtoto ana miaka mingi ya kungoja, basi apewe kitu cha kulamba njiani. Na anaulizwa mambo ya kiasi chake: anajua kuanguka bila kulia? Anainama kabla ya kukanyaga tatami? Anajifunga mkanda bila mama yake?

Mtu mzima anavuka hizo nusu zote, anakwenda njano moja kwa moja. Ila anabanwa. Ataje kila mtupo kwa jina la Kijapani, aufanye kulia na kushoto, na aonyeshe kwamba anatupa kweli, si kucheza dansi. Unakuja na mtu wako wa kumtupa, naye anatazamwa kama wewe. Ukifaulu, kwetu kuna desturi: yule aliyeanguka kwa ajili yako ndiye anayekufunga mkanda mpya, mbele ya watu wote.

Papa alikuwa ameshafeli pasaji moja. Majina aliyajua kuliko mimi, maana hiyo ni kazi ya ofisini. Shida ilikuwa kutupa. Alimweka mwenzake chini polepole mpaka Mwalimu akamuuliza, “Muzee, unamulaza mutoto?” Sasa wizara yake ilikuwa inahamia Gitega, mji mkuu mpya, naye angeondoka mara tu baada ya pasaji iliyofuata. Huko kulikuwa na chumba cha kupanga, baridi, na mafaili. Judo, apana. “Ni njano Jumapili hii,” alisema mezani, “ao mutanizika na mweupe.” Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Papa hakucheka. Mtu aliyesoma miaka yote ile, ana diploma ukutani, alikuwa analitaka tambara la njano kuliko kitu chochote.

Kwa hiyo tulifanya mazoezi nyumbani Kinanira, sebuleni, juu ya godoro la wageni. Mtupo wake ulikuwa o-goshi: unamkumbatia mtu kiunoni, unamgeuzia mgongo, unampakia nyongani, unamzungusha. Mi nilikuwa na miaka kumi na tatu, mnene wa kutosha, naapa. Papa alikuwa ananishika kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Ananigeuzia mgongo, halafu basi, tunasimama pale kama watu wanaosubiri basi. Nikamwonea huruma. Nikaanza kuruka. Akinigusa tu kiuno, mi huyo, naruka mwenyewe, natua godoroni kwa kishindo, miguu juu, naguna, “Ai Papa, una nguvu!” Mama alikuwa akipita na sufuria, ananitazama, anatikisa kichwa. Papa alikuwa anatabasamu, anajipangusa jasho, anasema, “Tena.” Jioni baada ya jioni niliruka kama chura wa msimu wa mvua.

Mwenzake wa pasaji alikuwa fundi magari wa Buyenzi, Mwislamu mmoja mcheshi wa uzito wake uleule. Jumapili yenyewe, watu tumeshakaa kwenye turubai, simu ikalia: jirani wa fundi amefariki, anazikwa mchana huo, kwa hiyo fundi hawezi kuja. Papa akasema innalillahi pamoja naye kwenye simu, vizuri kabisa kwa Mkatoliki, halafu akakaa chini na kushika mkanda wake mweupe.

Watu wazima wengine walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amefunga goti bandeji. Wa pili tulimwita Friji, na hakuna aliyewahi kumwinua Friji. Mi nilikuwa nimeshapata nusu yangu asubuhi, ndizi yangu iko kiunoni, nimejaa kiburi. Nikanyoosha mkono.

“Mwalimu, mi nitaanguka.”

Mtahini alikuwa mgeni, mwanamke mfupi mwenye mkanda mweusi uliochakaa hadi nyuzi nyeupe zinaonekana. Alinipima kwa macho kutoka juu hadi chini, kama mnunuzi wa mbuzi.

“Huyu ni mutoto wako?”

“Ego, ni wa kwangu,” Papa akajibu.

“Ni muzito?”

“Anakula, Madamu.”

Watu wakacheka. Akakubali.

Tukainamiana. Papa akataja jina la mtupo bila kosa. Akanishika, akageuka, na mwili wangu, ambao ulikuwa umezoea, ukaruka wenyewe. Nikatua vizuri sana. Friji akapiga makofi peke yake.

Mtahini hakuandika kitu. “We mutoto. Baba yako hakukutupa. We uliruka.”

Nyuma yangu mmoja wa marafiki zangu, kama nina marafiki, akalia kama chura. Turubai zima likacheka.

“Upande wa kushoto,” akasema mtahini. “Na we ukiruka tena, namurudisha nyumbani na mweupe wake.”

Nikasimama. Nikashusha uzito wote kwenye visigino, nikawa gunia. Papa akanishika. Akageuka. Tumbo lake likipanda na kushuka, nilihisi mikono yake imelegea palepale inapolegea kila siku. Hakuna kilichotokea. Tulisimama tunasubiri basi, mbele ya klabu nzima. Halafu, bila kugeuza kichwa, Papa akaninong'oneza:

“Ruka basi. Kama siku zote.”

Jamani. Alikuwa anajua.

Jioni zote zile, kishindo chote kile, miguu juu, alikuwa anajua. Nilitaka kucheka na kulia, na vyote viwili vingeharibu.

“Siruki,” nikanong'ona.

“Utaumia.”

“Papa, mi siyo yai. Tupa!”

“Mbona munapiga siasa?” mtahini akauliza.

Nilisikia vidole vya Papa vikikaza nyuma ya mkanda wangu, ile ndizi yangu mpya. Nyonga yake ikaingia chini ya tumbo langu, ngumu, kitu ambacho sikukijua kabisa kwake. Dari ikapita. Nikaona miguu yangu, nikaona dirisha, nikajua ninakokwenda kabla sijafika. Mochwari. Kishindo chake kilitoa vumbi la maganda kwenye kila mshono wa turubai, na pumzi yangu yote ikatoka kwa safari moja.

Papa alipiga magoti kando yangu. “Mwana wangu! Uko sawa?”

Nikampa dole gumba.

“Sasa hiyo,” mtahini akasema, “ndiyo o-goshi.”

Mi ndiye niliyemfunga mkanda wa njano. Walikuwa wamemnunulia wa kipimo cha kawaida, lakini tumbo lake halikuwa la kipimo hicho, kwa hiyo nilivuta, nikavuta, Friji akanisaidia, na ncha zilizobaki zilikuwa fupi kama masikio ya sungura mchanga. Papa alisimama wima kana kwamba wimbo wa taifa unapigwa.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza, “Kama ulijua naruka, kwa nini ulinyamaza?”

“Nilifikiri unapenda kuruka,” akasema. “Ulikuwa unafurahi sana.”

Aliondoka na basi la Gitega wiki ileile. Mkanda aliuacha umening'inia nyuma ya mlango wa chumba chao, na bado uko pale. Anakuja wikendi akipata nafasi, tumbo limerudi lote na riba.

Jumamosi iliyopita alinikuta sebuleni nanyoosha kimono changu. Akavua viatu, akavuta godoro la wageni katikati ya nyumba.

“Njoo, mukanda wa kijani. Nionyeshe.”

Sasa mi ndiye mrefu. Nilimshika kiuno na nikaona nywele zake zimekuwa nyeupe hadi nyuma ya sikio. Mikono yangu ikalegea yenyewe. Nikageuka polepole, polepole, kama mtu aliyebeba trei, na kabla sijampakia nyongani nikahisi amekuwa mwepesi, visigino vimeshaacha sakafu.

Akatua godoroni kwa kishindo, miguu juu. Mama akapita na sufuria, akatikisa kichwa.

“Ai mwana wangu,” Papa akaguna kutoka chini, “una nguvu!”