Mamba Aliyewahi Couvre-feu

Siku Massoudi alipotangaza kwamba anaacha kazi, majirani wa mtaa wa Buyenzi walikuja kumpa pole kana kwamba amefiwa. Mkewe Saliha peke yake ndiye aliyeendelea kuchambua mchele.

"Unaacha?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Umeua watu miaka yote hii, leo unafunga mlango tu? Nenda ukaombe radhi kwanza."

Hakuwa muuaji, jamani. Massoudi alikuwa mtunzi na mchapaji wa mchezo. Tangu ujanani, alipojifunza kupanga herufi katika matbaa ya mapadri, alikuwa akitoa vijitabu vya mchezo uitwao Msafara. Watu wanne watano huketi mkekani. Mmoja huwa kiongozi, naye husimulia njia, mito na majambazi. Wengine kila mmoja huwa mtu wa msafara, awe mpagazi, mganga au mpishi mwizi, na humsemea mtu wake kwa kinywa chake mwenyewe. Jambo likiwa zito hurushwa kete, ambazo Massoudi alizichonga kwa mfupa wa ng'ombe. Mtu wako aweza kuishi miaka na miaka, akaoa, akazeeka. Aweza pia kufa, na kanuni ya kwanza ya Msafara, iliyochapwa kwa herufi nene kuliko zote, ilisema: Aliyekufa harudi.

Kwa kanuni hiyo Massoudi hakuwa na mchezo. Mkubwa mmoja wa Kiriri, mtaa wa vigogo, ambaye mtu wake aliliwa na simba, alimtuma dereva na mbuzi mnono ili simba amtapike. Massoudi alimrudisha mbuzi. Saliha hakumsamehe mpaka Idi iliyofuata.

Vita vilipoingia mjini, ndipo Msafara ukashamiri. Siku za ville morte, mji umefungwa na hakuna anayethubutu kwenda sokoni, watu wangefanya nini? Vikwazo vya biashara vilipokuja na karatasi ikaadimika, Massoudi alichapa nyuma ya kalenda za zamani zenye picha, hivi kwamba hadi leo wako wachezaji wanaoamini sharti utazame theluji ya Ulaya kabla ya kuvuka mto.

Lakini mwaka ule mabomu yalipoanza kuanguka kutoka milimani, aliketi kuandika kijitabu kipya, akafika mahali ambapo majambazi wanavamia kambi, na mkono ukagoma. Nje watu walikuwa wakifa bila hata kurushiwa kete. Aliona aibu, na alikuwa amechoka. Akaweka kalamu chini.

Radhi, basi. Buyenzi, anayekwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, asije akasafiri na kinyongo cha mtu. Saliha aliona kwamba kazi iliyojaa vifo namna ile haiwezi kuachwa kwa njia nyepesi zaidi. Massoudi akavaa kanzu na kofia, akatoka kuwazungukia wachezaji aliowaulia watu wao.

Alianza kwa Anouar, fundi wa magari, aliyekuwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana.

"Radhi nakupa, Mzee," miguu ikasema. "Lakini punda wangu je?"

"Punda gani?"

"Wa kule jangwani! Ulimuua na kiu, na mi nilikuwa na maji!"

Walibishana mpaka mwenye gari akaja. Anouar akatoa radhi kwa shingo upande, na punda akabaki maiti.

Wengine hawakuwa wagumu. Mchana ulipoanza kupoa alikuwa amebaki mmoja tu, Scholastique wa mtaa wa Cibitoke, muuza vitenge aliyekimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na bintiye Benite. Huyu aliacha kucheza ghafla, na Massoudi hakuwahi kumuuliza sababu. Alimkuta barazani akikunja vitenge.

"Mama Benite, naacha kazi. Nimekuja kukuomba radhi."

"Apana."

Massoudi alidhani hajasikia vizuri.

"Karibu ukae, Baba Massoudi. Chai iko. Lakini radhi, apana. We uliniulia Cirimwami."

Hapo akakumbuka. Desturi yake ilikuwa kwamba kila kijitabu kipya kikitoka, mkeka wa kwanza anauongoza mwenyewe. Kile cha kuvuka mto Ruzizi alikizindulia hapa hapa. Mtu wa Scholastique alikuwa mpagazi aitwaye Cirimwami, mlalamikaji wa kupindukia, aliyelalamikia jua, chumvi, mzigo na hata viatu vya wenzake. Mamba alimchukua katikati ya mto.

"Ni kete zilizo..."

"Kete gani? Haukurusha kete. Uliangalia saa. Uliangalia saa, kisha mamba akatoka."

Ilikuwa kweli. Jua lilikuwa limeshuka, couvre-feu, saa ya kutotoka nje, ilikuwa inakaribia, askari wangefunga njia wakati wowote, na Cirimwami alikuwa bado hajamaliza kulalamika. Yule mamba alikuwa njia ya mkato.

"Niliogopa kuchelewa," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Wote tulikuwa tunaogopa." Scholastique alilainisha kitenge kwa kiganja. "Cirimwami ni jina ya bwana yangu. Tulitoka Uvira pamoja. Pale mupakani watu wakatawanyika, sikumuona tena. Hakuna mutu aliona maiti yake. Basi kila Jumamosi nilikuwa namusemesha hapa mukekani. Sauti yake, malalamiko yake yote. Benite alikuwa anacheka, anasema, 'Ni papa yangu kabisa!' Kisha we ukaangalia saa."

Massoudi aliona haya. Alifikiria kanuni yake ya herufi nene. Alimfikiria hata yule mbuzi wa Kiriri.

"Mama Benite," akasema hatimaye. "Yule mamba, nilisema alimmeza?"

"Ulisema alimuvuta chini."

"Maiti tuliiona?"

Scholastique aliacha kukunja. "Apana."

Massoudi akavua kofia, akaiweka gotini. "Kanuni yangu inasema aliyekufa harudi. Aliyepotea, sikuandika kitu."

Mfukoni mwa kanzu kete zilikuwepo, maana hakuwahi kutoka bila kete, hata siku ya kuziacha. Lakini hakuzitoa. Alianza tu kusimulia. Ng'ambo ya mto, kwenye matete, mtu aliyelowa chapachapa anatambaa kutoka majini. Wenzake wanamkimbilia. Anawatazama mmoja mmoja. Anasema nini?

Benite akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Kisha sauti nzito ya kiume, iliyojaa manung'uniko, ikatoka kinywani mwa mama yake:

"Na viatu yangu iko wapi? Nani amevaa viatu yangu?"

Benite akapiga kelele kwa kucheka. Scholastique naye akacheka, akalia, akajifuta machozi kwa kitenge cha kuuza.

Massoudi alifika nyumbani kabla ya couvre-feu, na njia nzima hakuangalia saa. Saliha alikuwa akimngoja na birika.

"Wote wamekupa radhi?"

"Wote, ila Mama Benite. Amesema atanipa siku Cirimwami akifika kwake."

"Kwake wapi?"

"Uvira."

"Si pale ng'ambo tu? Kwa gari ni saa moja."

"Kwa gari, ndiyo," Massoudi akasema. "Huyu anakwenda kwa miguu. Na hana viatu."

Saliha akamimina chai, akamsogezea kikombe.

"Basi mpeleke polepole," akasema.