Mkono wa Kerubo Uliokataa Kuvimba

Siku ya kwanza kazini nilijua nimeandikwa kufagia. Sista mkuu wa kliniki ya kifua, pale Kisii, akaniangalia akasema, "Wewe una mikono ya upole. Utanishikia wagonjwa." Ufagio nao hakuninyang'anya.

Shule niliacha mapema, kwa hivyo naeleza kama nilivyoelezwa. Kipimo cha ngozi ni sindano ndogo, dawa inaachwa juujuu mkononi, mgonjwa anarudi baada ya siku mbili. Mwili wenye nguvu uliowahi kukutana na TB huvimba pale. Sista alipapasa ule ugumu, mimi nikachora ukingo wake kwa bolpeni. Lakini virusi vya ukimwi vikishachosha askari wa mwili, ngozi hubaki tambarare hata TB ikiwa ndani.

Watu wetu walielewa kinyume. Kuvimba ni ugonjwa, basi wakaukanda uvimbe kwa maji moto. Mzee mmoja Mwislamu, muuza viatu sokoni, aliupaka mafuta ya habasoda akaja anatabasamu kama amemshinda shetani. Mtu mzuri sana yule, viatu vyangu vya harusi vilitoka kwake. Lakini nilitaka kusimulia habari za Kerubo.

Kerubo alikuwa mjane kutoka kule mlimani Manga, mchuma chai, amekonda, anakohoa, na virusi alikuwa anajua anavyo. Alidungwa Alhamisi. Sista hakuwa mtu wa kwetu, ambako wengi ni Wasabato, hakufikiria kwamba siku ya kusoma mkono itaangukia Sabato. Kerubo akasema Jumamosi yeye ni wa kanisa, si wa hospitali. Sista hakubishana. Jumapili tukapanda Manga kwa boda boda.

Tukamkuta amechemsha ndizi, ana furaha. Kwake kikohozi si kitu, mkono uko safi, kesho anarudi kwa majani chai.

Sista akapapasa, akapapasa tena. Mimi bolpeni mkononi, sina cha kuchora.

"Kerubo, mama," akasema, "hapa palinyamaza kwa sababu mwili umechoka. Hicho kikohozi lazima tukitafute kwa makohozi."

"Kwa hivyo ningevimba ndiyo mngefurahi?"

"Ningefurahi sana."

"Nyinyi watu wa hospitali." Akanigeukia. "Na wewe omogaka, mzee mzima, umekuja kunionea huruma?"

Nikamwambia nimekuja kula ndizi. Akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Kilipotulia akauliza kopo la makohozi liko wapi.

TB ilikuwepo. Akatibiwa, kisha akaanza dawa za virusi.

Siku hizi mimi ni wa kupalilia migomba nyumbani Marani, na kliniki wanachukua damu tu, mashine inasema askari wako wangapi. Ni vizuri, haina kungojea Sabato. Lakini mashine haikumwona Kerubo alipodungwa tena baada ya miezi ya dawa, siku aliyorudi kusomwa, alivyoingia amekunja mkono wa sweta, amenenepa shingo, uvimbe umesimama kama punje ya maharagwe. Sista akaweka kidole.

"Polepole, Sista," Kerubo akamwambia. "Usije ukaurudisha ndani."