Kuanzia Kwenye "Ila"

Mbalizi wananijua kwa mambo mawili: sare za shule ninazoshona na mdomo. Mteja akija kudai nguo kabla ya siku niliyompa, nampa ukweli wake hapohapo mbele za watu, na mama wa vitenge wa duka la jirani anacheka mpaka anashika mbavu. Kwa hiyo nikiwaambia watu wa sokoni kwamba kuna mwaka nilikaribia kufunga duka kwa sababu nilishindwa kuwaambia ndugu zangu neno moja tu, hakuna anayeniamini.

Mwaka huo mama alifariki, kijijini kwetu Iringa. Msiba haujapoa, wazee wakaanza kuulizana baba atakaa na nani. Mimi ndiye mtoto wa kwanza na ndiye binti pekee. Nina wadogo zangu wawili wa kiume, mmoja anafanya kazi Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, mwingine yuko Dar es Salaam. Hao hakuna aliyewatazama. Baba mdogo alinigeukia mimi. "Dada mkubwa si upo?"

Nikasema, "Sawa, hamna shida."

Hamna shida! Nyumba yangu iko Ilomba, duka liko Mbalizi, jiji lote la Mbeya liko katikati. Naondoka alfajiri, narudi giza limeingia. Mzee ambaye hajawahi kuishi mjini umwache kutwa nzima na televisheni? Kumchukua baba maana yake ilikuwa kufunga duka, na kila mtu pale msibani alilijua hilo. Lakini lilikuwa duka langu, si lao. Tukakubaliana baba atakuja Mbeya baada ya kikao cha kumaliza msiba. Mume wangu aliniambia, "Baba yako ni baba yangu." Ni mtu mwema sana, lakini hata yeye hakuniuliza kama nataka.

Nikarudi kazini, mwili ukaanza visa. Moyo unadunda kama mtu anayetwanga. Usingizi hakuna. Siku moja nilishona kaptula ya mwanafunzi yenye miguu yote miwili ya kushoto, na sikujua mpaka mtoto alipojaribu kuivaa. Mama wa vitenge akasema nimerogwa na fundi mwenzangu mwenye wivu. Mimi nikajua ni presha, maana kwetu kila kinachogonga kifuani ni presha.

Zahanati wakapima. Presha safi kabisa. Nesi aliyenipima alikuwa dada wa makamo, mpole, lakini ana macho ya mtu asiyedanganyika. Akaniuliza maswali mengi, mimi najibu nzuri, salama, namshukuru Mungu. Mwisho akaniambia nina msongo wa mawazo, kwamba hali kama hiyo ikiachwa inaweza kugeuka sonona, na kwamba atataka kuniona tena. "Kwa sasa," akasema, "kila siku andika unavyojisikia. Umwandikie nani? Jiandikie mwenyewe."

Nilitoka pale nimekasirika. Mtu una moyo unakimbia, unaambiwa uandike! Kuandika mambo yako ni kazi ya mabinti wa sekondari wenye wapenzi. Lakini nilikuwa nimechoka kutolala, basi nikachukua daftari langu la vipimo vya wateja, nikaligeuza, nikaanza kuandika kwa nyuma, asubuhi kabla sijaondoa kitambaa kwenye cherehani. Mbele viuno na mabega ya watu, nyuma mimi.

Niliporudi kwa nesi nikampa asome. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akaanza kucheka.

"Dada, mbona umeniandikia salamu za redio?"

Nikamwuliza salamu gani tena. Akanisomea kwa sauti: "Leo nimeamka salama. Namshukuru Mungu. Kazi zinaendelea vizuri. Familia wote wazima." Akafunua ukurasa mwingine, ni yaleyale. Nikaona aibu, halafu na mimi nikacheka, maana ilikuwa kweli. Ukiniuliza habari nitasema nini? Nimefundishwa hivyo tangu naanza kuongea.

"Hebu niambie," akasema. "Mtu amefiwa, unamwuliza habari za nyumbani. Anakujibuje?"

"Nzuri."

"Nzuri tu?"

"Nzuri, ila tumefiwa."

"Haya. Hizo nzuri zako zote mimi nimezipokea, asante. Sasa nenda ukaandike kuanzia kwenye ila."

Kesho yake asubuhi nilikaa mbele ya cherehani nikaandika: *Ila nimechoka.* Nikafikiri yameisha. Hayakuisha. *Ila nimechoka tangu mama anaugua. Ila mimi ndiye niliyepanda basi kila mara, wao wanatuma sauti kwenye grupu, "Dada pole, Mungu akutie nguvu." Ila nguvu zenyewe wangekuja nazo wenyewe!* Kalamu ilichimba karatasi mpaka ikatokea upande wa pili. Mteja alikuja, nikamwambia arudi baadaye, naandika. Akashangaa, akaondoka.

Wote walikuwa wanasema nina majonzi ya mama. Hata mimi niliamini. Lakini nilipokuwa nasoma kurasa zangu, mama kila alipotokea alikuja vizuri tu: anasonga ugali, ananisema kwa kuchelewa kuolewa, ananicheka. Namlilia, machozi yanatoka, napumua. Kifua kilikuwa kinabana siku nyingine kabisa, siku ambayo grupu la familia limeandika habari ya kumleta mzee Mbeya. Ilikuwa imeandikwa pale kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa na hasira, jamani. Hasira tupu, na nilikuwa nimeivalisha nguo nyeusi nikaiita msiba.

Kulijua hilo hakukunifurahisha mara moja. Niliogopa sana. Mtoto gani hamtaki baba yake? Nililibeba swali hilo siku nyingi, naliandika, nalifuta. Halafu asubuhi moja ya baridi ile ya Mbeya, vidole vimekufa ganzi, nikaandika: *Nampenda baba. Sitaki kufunga duka.* Nikazitazama sentensi hizo. Zote mbili zilikuwa kweli, na zimekaa ukurasa mmoja bila kugombana. Nilipiga meza kwa mkono nikasema "Ewaa!" peke yangu, mama wa vitenge akachungulia kuona nimepatwa na nini.

Siku ya kikao nilipanda basi kwenda Iringa. Daftari nililiacha dukani, maana sikutaka kusoma kama katibu. Shangazi zangu wakanipokea kwa salamu ya kwetu, "Kamwene, kamwene," tukala, tukakaa. Baba alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, amevaa koti lake la kanisani, kimya. Baba mdogo akafungua kikao.

"Jambo kubwa lilishaisha. Dada yenu mkubwa alikubali. Kilichobaki ni siku ya kumsafirisha mzee." Akanigeukia. "Mama, habari za Mbeya? Umejiandaa?"

Moyo ukaanza kutwanga. "Nzuri, baba mdogo," nikasema. "Ila siwezi."

Mdogo wangu wa Mgololo ndiye aliyedakia kwanza. "Dada, si ulisema sawa?"

"Nilisema. Nilisema sawa kwa sababu wote mlinitazama mimi, nami nalia. Nikimchukua baba nafunga duka. Lile duka nimelijenga mwenyewe, na silifungi. Nitakuja kila mwisho wa mwezi, nitafua, nitapika, nitachangia kama kila mtu. Lakini peke yangu, hapana. Baba tumezaliwa kwake watatu."

"Sisi wanaume, dada, kumtunza mzee hatujui."

Hapo ndipo mdomo wangu wa Mbalizi ulipofika Iringa. "Kwani baba ni kichanga? Suruali anavaa mwenyewe, kanisani anaenda kwa miguu. Anataka ugali na mtu wa kuongea naye. Ugali si unaula? Basi jifunze kuusonga!"

Shangazi mmoja alicheka mpaka akajifunika khanga. Baba mdogo akakohoa, akasema tusiongee hivyo mbele ya mzee. Ndipo nikamwona baba. Alikuwa ananitazama, na macho yake hayakuwa na hasira. Nikashtuka: miezi yote ile tumepanga habari zake, hakuna mtu aliyemwuliza. Hata mimi. Nikaenda nikapiga goti mbele yake.

"Baba, habari yako wewe?"

"Nzuri, mwanangu."

"Nzuri, ila?"

Akashika vifungo vya koti.

"Ila mimi Mbeya sikutaka kwenda."

Baba mdogo alisimama. "Kaka! Si ulikubali?"

"Nilikubali kwa sababu binti yangu alikubali. Nikaona mtoto ameshajitolea, ameshaandaa na chumba. Nitamwambiaje kwamba chumba chake sikitaki?" Akaelekeza kidole nyuma ya nyumba. "Mvua zinaanza. Mianzi yangu ile nani ataigema ulanzi? Na mama yenu amelala pale. Nani atakwenda kumsalimia asubuhi?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikanitoka mbele ya ukoo mzima, na wala sikujali. Mungu wangu! Nilikuwa tayari kuuza vyerehani vyangu ili nimpe baba yangu kitanda anachokikimbia, naye alikuwa tayari kuliacha kaburi la mke wake ili asiniudhi mimi. Mdogo wangu wa Mgololo akainama, akafuta macho kwa mkono wa shati. Akasema ataanza kuja yeye kila Jumamosi. Wa Dar es Salaam, ambaye tulikuwa tumemweka kwenye simu, akasema atamlipa mama wa jirani awe anapika siku za kati. Baba akasema mama huyo anatia chumvi nyingi, basi tukajua mzee amepona.

Usiku ule nililala kwenye kitanda cha mama mpaka jua likanikuta.

Januari shule zilipofunguliwa, foleni ya wazazi ilianzia kwenye meza yangu ikatoka mpaka barabarani. Kila mmoja ana haraka, kila mmoja anataka leoleo. Mimi nimekaa kwenye kiti changu, mguu juu ya kanyagio la cherehani, pini mdomoni. Nikazitema kiganjani, nikavuta pumzi iliyojaa kifua chote, nikawafokea: "Desemba nzima mlikuwa wapi?"