Mama Mdogo Nje ya Eneo la Utafiti

Msimamizi wangu wa shahada ya uzamili ya sosholojia alinirudishia pendekezo la utafiti likiwa jekundu kwa wino. Nilitaka kuchunguza kaya za wachuuzi wa mchele kwetu Njisi, ambako Malawi iko ng'ambo tu ya mto. Akaniamuru nifute kila anayeishi ng'ambo.

“Eneo la utafiti linaishia mtoni,” alisema.

Eti mtoni! Kana kwamba na ukoo nao unaishia hapo.

Nikafuta. Ningefanyaje, na pendekezo lisipopita sihitimu? Alichokisifu ni maana niliyoipa kaya: watu wanaokula chungu kimoja.

Nakala safi niliiandikia nyumbani, mama akiwa mgonjwa chumbani. Mama mdogo alikuwa amevuka kutoka Malawi kuja kumuuguza, kama mama naye anavyovuka kwenda kumuuguza yeye. Aliponikuta jikoni na kompyuta, aliuliza, “Mwanangu, na mimi umeniandika humo?”

Nikafunika kompyuta. Yeye akainama, akafunua chungu, akanipakulia.