Kiganja cha Kupimia Mwanga

"Mita ya mwanga ni ya mtu asiyeamini macho yake!" Hivyo ndivyo mpiga picha wa mtaa wetu mjini Multan, Pakistani, alivyotangaza, kibanda kizima cha chai kikimsikia. Kabla ya kila picha aliinua kiganja karibu na shavu la mteja, akatazama kivuli kati ya vidole, kisha akafungua lenzi kadiri alivyoona. Mwaka huu akawa anaona giza hata adhuhuri, basi akazidi kuuachia mwanga. Maharusi walishangilia, maana weupe walipewa bure, bila poda. Nami nilicheka, mpaka Bi Shagufta alipofuata picha ya mumewe, iliyopigwa wiki moja kabla hajafariki. Karatasini kulikuwa na kilemba na masharubu tu. Uso wote ulikuwa mweupe pe.

"Fundi, ulimpiga picha baba watoto au ulimpaka chokaa?"

Fundi akaipeleka picha mlangoni penye mwanga, akaisogeza mpaka ikamgusa pua. "Si huyu hapa, dada? Anatabasamu," akasema taratibu, kidole kikiwa juu ya ule weupe.

 Bi Shagufta alimshika mkono, akampeleka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, daktari akasema. Lenzi ya kupandikizwa, jicho moja, ni rupia elfu nane; aliyeamini macho yake sasa itambidi ayanunue.