Glasi ya Maji Juu ya Upara wa Mzee Ombui

Kebirigo hakukosi wajuaji. Hapa hata mbuzi ana maoni yake kuhusu serikali. Ndiyo maana Nereah Akumu, mwalimu wa fizikia aliyetoka kule kando ya ziwa, alipoanza kuwaonyesha watoto maajabu ya sayansi kila Jumapili alasiri katika ukumbi wa soko, aliweka sheria moja: mtu mzima haulizi swali. Akiwa nalo, amnong'oneze mtoto, mtoto ndiye aulize. La sivyo wazee wangeuliza mpaka kuku walale.

Wazazi waliokuja kusindikiza watoto wakanogewa. Baada ya muda wakawa wanafika kabla ya watoto wenyewe, wakijidai wanapita tu.

Jumapili moja akaingia Mzee Ombui, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Nereah alikuwa ameshasikia kwamba mzee anayaita masomo yale michezo, na kwamba anataka ukumbi wapewe wauza mitumba. Mzee akaketi mbele, kofia magotini, mjukuu wake Nyamoita ubavuni. Nereah akajua asipomvutia huyu leo, masomo hayana pengine pa kwenda.

Akamwomba radhi, akajaza glasi maji pomoni, akaifunika kwa kadi ngumu ya harusi ya watu, akaipindua juu ya upara wa mzee. Kisha akaiachia kadi. Maji yakatulia humo humo.

Mzee akanong'ona.

"Babu anauliza nani ameyashika," Nyamoita akasema.

"Hewa. Inaisukuma kadi kutoka chini."

Mzee akanong'ona tena, safari hii kwa kirefu.

"Babu anasema hewa hajawahi kuiona ikifanya kazi. Uiruhusu iingie ndani ya glasi, tuone kama itaendelea kushika."

"Mwambie babu atalowa."

"Babu anasema Mkisii halowi kwa maji ya glasi moja."

Basi Nereah akainua ukingo wa kadi kidogo tu. Mzee akalowa mpaka kwenye tai.

Hata waliozoea kucheka msibani walitazama sakafu. Mzee akajifuta uso kwa kofia, taratibu, akainama kwenye sikio la mjukuu.

"Babu anasema wenye mitumba watatafutiwa mahali pengine," Nyamoita akatangaza. "Anauliza Jumapili ijayo kuna nini."

Nereah akaviona viti vya mbele vilivyojaa akina baba tu.

"Mwambie babu aje aone. Lakini akae nyuma, huku mbele ni kwa watoto."