Malkia wa Kopa Hakuwa Kwangu

Nimepiga hesabu mara mbili na jibu halibadiliki: karata moja ilinigharimu mwenza wa miaka tisa, pamoja na Jumamosi zake zote. Pesa haikutoka hata shilingi, maana hatukuwa tunacheza kamari. Ingetoka, ningejua pa kuanzia kuilalamikia.

Mwanangu, umeniomba nikufundishe briji. Nitakufundisha, ila sikiliza hili kwanza.

Nakumbuka alasiri moja ya Jumamosi nyumbani kwa Mwalimu Nakato, Bugolobi. Briji huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili. Mwenza wako huketi mbele yako na hamruhusiwi kusemezana. Mnachojua mnakisoma kwenye karata zinazoanguka. Wangu alikuwa Afande Ochan, polisi mstaafu wa Kyebando, mtu wa Gulu. Ndiye aliyenifundisha. Kila wiki alikuja na kopo la simsim, ufuta wa kusaga, akatukaribisha sote, kisha akalimaliza mwenyewe.

Siku hiyo Mwalimu ndiye aliyekuwa akicheza, karata za mumewe, mwenza wake, zimelazwa wazi mezani kama ilivyo kanuni. Alibakiwa na swali moja: malkia wa kopa yuko kwangu au kwa Afande? Akipatia, ameshinda, akikosa, tumeshinda sisi. Nilimwona akihesabu. Mimi nilikwisha kuonyesha shupaza sita, Afande mbili. Kila mtu hupewa karata kumi na tatu, kwa hiyo kwangu zilibaki nafasi saba za kumficha malkia, kwa Afande kumi na moja. Hesabu ilimwelekeza kwa Afande, na haikukosea.

Lakini Mwalimu naye ni mjanja. Kabla ya kuamua akatupa ghulamu wa kopa, karata iliyo chini ya malkia, kunipima, maana mwenye malkia hutamani kumla ghulamu, na akitamani husita. Mimi nilikuwa na kopa mbili ndogo tu, hapakuwa na la kufikiria.

Sasa, wakati huo nilikuwa nauza mabeseni Kamwokya. Mteja akitaja bei, sijibu. Natazama bati la paa, nakuna kidevu kana kwamba ananifilisi, na faida nimeshaiona tangu alipoligusa beseni. Basi mazoea hayo yakanitoka pale mezani. Nikashika karata, nikairudisha, nikatazama dari. Mwalimu akaiacha hesabu yake, akaamini malkia yuko kwangu, akamwachia ghulamu apite bila kumfunika kwa mfalme. Afande akamtoa malkia polepole, kama mtu anayelipa faini.

Tulishinda. Nikacheka peke yangu.

“Malkia ilikuwa na mimi,” Afande akasema, Mwalimu na mumewe walipokwenda jikoni kuleta chai. “Wewe ulikuwa nafikiria nini?”

Nikamwambia hiyo ni biashara tu, afande.

“Hapa si soko. Ambia Mwalimu.”

Kusita kwa uongo ili kumpoteza mpinzani ni wizi. Alinifundisha hilo wiki ya kwanza. Waliporudi, sikumwambia Mwalimu. Nikaanza kuchanganya karata. Afande akachukua kofia, akaaga kwa adabu, na Jumamosi iliyofuata kiti chake kilikaa kitupu. Mwaka haukwisha akarudi kwao Gulu.

Tangu hapo nimepata wenza wanne. Wote wanajua hesabu. Hakuna hata mmoja anayenikaripia, na sikujua mtu anaweza kukumbuka karipio kwa hamu namna hii. Jumamosi ikifika alasiri, nafunga duka mapema, kisha sina pa kwenda.

Kwa hiyo, mwanangu, hesabu kwanza. Kisha soma ishara za mpinzani, na zikipingana na hesabu, jiulize anayezitoa ni mtu wa namna gani. Lakini ishara yako wewe iwe ya kweli, kwa sababu mbele yako ameketi mtu anayekuamini. Mungu akujalie mwenza wa kukukemea, akupe na ulimi wa kukiri siku ileile.

Mwalimu nilimwambia mwezi uliopita, akanisamehe huku akinicheka. Amebaki Afande. Ungekuwa wewe, ungempigia simu, au ungepanda basi la Gulu?